"Uncle" kwa Kiswahili: mjomba, baba mdogo, ami au anko?

Muulize mtoto yeyote wa darasa la tano, awe Tanga au Kisumu, "uncle" ni nani. Atakujibu papo hapo: mjomba. Na "aunt"? Shangazi. Ndivyo kamusi nyingi za mfukoni zinavyosema, na ndivyo tafsiri za filamu zinavyotuletea kila siku. Jibu hilo ni kweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayotia fujo kwenye mirathi, inayowapoteza wasomaji wa tafsiri, na inayowafanya watoto wetu wanaokulia ughaibuni wamwite kila mwanamume wa ukoo jina moja wasijue nani ni nani.

Hapa nayaweka maneno yetu mbele ya hilo moja la Kiingereza, ili mwenye kutafsiri, mwenye kujaza fomu na mwenye kulea ajue lipi la kuchukua. Lakini kwanza tujue neno lenyewe limetoka wapi, maana asili yake inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Neno lilivyosafiri

Warumi wa kale hawakuwa na neno moja la "uncle". Ndugu wa kiume wa baba aliitwa patruus, wa mama aliitwa avunculus. Upande wa wanawake ilikuwa vilevile: dada wa baba ni amita, dada wa mama ni matertera. Watu wanne, majina manne. Avunculus limetokana na avus, yaani babu, likatiwa kiambishi cha udogo. Ukilichukua lilivyo ni "babu mdogo".

Majina hayo yalibeba tabia pia. Patruus alisifika kwa ukali, na washairi wa Roma, Horace akiwa mmoja wao, walimtumia kama mfano wa mtu wa kukaripia. Avunculus hakuwa na sifa hiyo. Mwandishi wa Roma Pliny Mdogo alipomwandikia mwanahistoria Tacitus kumsimulia jinsi Pliny Mkubwa alivyofariki katika mlipuko wa mlima Vesuvius mwaka 79, alimwita marehemu avunculus wake, na hapo hapo msomaji wa Roma akajua kuwa huyo ni kaka yake mama. Msomaji wa tafsiri ya Kiingereza anapewa "my uncle" tu, akitaka kujua zaidi aende akachimbe. Mfasiri wa Kiswahili akiandika "mjomba wangu" amerudisha kila kitu mahali pake, bila kuongeza hata neno moja.

Kilatini kilipogeuka kuwa Kifaransa, patruus ilikufa. Avunculus ikafupika ikawa oncle, ikabebeshwa pande zote mbili. Kwa wanawake, matertera nayo ikafa, na amita ikawa ante.

Huko Uingereza nako hali ilikuwa kama Roma. Kiingereza cha Kale kilimwita kaka wa mama ēam, na ndugu wa kiume wa baba fædera. Dada wa baba alikuwa faðu, dada wa mama mōdrige. Na undugu wa ēam ulikuwa mzito. Tacitus, akiandika mwaka 98 juu ya makabila ya Kijerumani, ambayo baadhi yake ndiyo yaliyokuja kuizaa Uingereza, alisema kwamba mtoto wa dada ana nafasi ileile kwa mjomba wake kama aliyo nayo kwa baba yake. Akaongeza kwamba wapo waliouona undugu huo kuwa mtakatifu zaidi, kiasi kwamba wakidai mateka wa dhamana walipendelea kupewa watoto wa dada. Mluguru au Mmakonde, ambao kwao ukoo huhesabiwa kwa mama, akisoma maneno hayo hahitaji kuelezwa.

Mwaka 1066 Wanormani waliiteka Uingereza, na Kifaransa chao kikawa lugha ya ikulu, mahakama na nyumba za wakubwa. Karibu na mwaka 1300 neno uncle linaonekana tayari ndani ya maandishi ya Kiingereza. Ēam halikuondoka siku moja. Geoffrey Chaucer, katika miaka ya 1380, alipoandika utenzi wake wa Troilus na Criseyde, alimfanya Criseyde amwite Pandarus mara em (ndilo ēam lenyewe), mara uncle, ndani ya kazi moja. Baadaye em lilirudi nyuma likabaki katika lahaja za kaskazini na Uskoti, na katika jina la ukoo la Eames. Fædera halikuacha hata jina linalojulikana.

Sasa tazama kilichotokea. Kiingereza kilikuwa na majina manne, kikabaki na mawili ya kuazima: uncle kutoka jina la kaka wa mama, aunt kutoka jina la dada wa baba. Yaani mjomba na shangazi! Kati ya majina manne ya Kilatini, yaliyosalimika kwenye Kiingereza ni yale mawili ambayo Kiswahili kinayatambua kwa maneno ya pekee, yasiyo na "baba" wala "mama" ndani yake. Mwalimu aliyekufundisha kwamba uncle ni mjomba na aunt ni shangazi alikupa maana ambayo maneno hayo yalikuwa nayo zaidi ya miaka elfu iliyopita. Tangu hapo yamepanuka, na ndiyo maana jibu lake halitoshi tena.

Mtoto mmoja, "uncle" wawili

Kama bado unadhani tofauti hii ni ya wanaisimu tu, chukua mwaka 1483. Mfalme Edward wa Nne wa Uingereza alifariki tarehe 9 Aprili, akamwachia kiti mwanawe Edward wa Tano, kijana wa miaka 12. Kijana huyo alikuwa Ludlow, mpakani mwa Wales, akilelewa chini ya uangalizi wa Anthony Woodville, kaka wa mama yake, malkia Elizabeth Woodville. Huyo ni mjomba. Mjomba akamchukua mpwa wake wakaanza safari ya London kwenda kumsimika.

Njiani wakakutana na Richard, mtawala wa Gloucester, mdogo wake marehemu mfalme. Huyo ni baba mdogo. Tarehe 30 Aprili Richard alimkamata Woodville na kumchukua kijana mikononi mwake. Woodville alikatwa kichwa tarehe 25 Juni, na kesho yake Richard akatwaa ufalme. Edward wa Tano na mdogo wake walifungiwa ndani ya Mnara wa London, hawakuonekana tena.

Kitabu cha Kiingereza kinawaita wote wawili "uncle", na msomaji wa Kiingereza anategemea majina ya ukoo na maelezo ya mwandishi kuwatofautisha. Ukitafsiri wote "mjomba", umeharibu kisa chote. Msomaji wetu atadhani watu wawili wa upande wa mama wamegombana, wakati ugomvi ulikuwa wa koo mbili juu ya mtoto mmoja: upande wa kike uliomlea na upande wa kiume uliodai kuwa mamlaka ni yake. Andika "mjomba wake Woodville" na "baba yake mdogo Richard", na siasa yote ya mwaka ule inajieleza.

Maneno yetu, bega kwa bega

| Neno | Ni nani | Linafaa zaidi | Angalia |
|---|---|---|---|
| Mjomba | Ndugu wa kiume wa mama | Tafsiri, ukiwa na hakika ni upande wa mama. Majina yaliyozoeleka kama Mjomba Sam | Linaharibu maana kwa upande wa baba |
| Baba mdogo / baba mkubwa | Ndugu wa kiume wa baba. Pia mume wa mama mdogo au mama mkubwa | Simulizi, malezi, mazungumzo ya bara | Lazima ujue nani alizaliwa kwanza |
| Ami | Ndugu wa kiume wa baba, bila kujali umri | Maandishi ya dini, mirathi, historia ya pwani | Wasomaji wengi wa bara hawalitumii |
| Anko | Yeyote, hata asiye ndugu | Mazungumzo ya mjini, rafiki wa baba | Halifai kwenye hati yoyote |

*Mjomba.* Hili ndilo lenye historia ndefu na hisia nyingi. Kwa Waluguru, Wazaramo, Wakaguru, Wamwera, Wayao, Wamakua na Wamakonde, ambao kwa desturi huhesabu ukoo kwa mama, mjomba ndiye alikuwa mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake: posa zilipita kwake, na ardhi na cheo vilitoka kwake kwenda kwa mpwa. Kwa jamii zinazohesabu ukoo kwa baba, mjomba ni mtu wa upole na mzaha, mahali pa kukimbilia ukigombana na baba. Ni mzigo mkubwa kwa neno moja, na ndiyo sababu inaniuma kuliona likitumika ovyo.

Lina jambo jingine ambalo uncle haina: huenda na kurudi. Mjomba anaweza kumwita mpwa wake "mjomba" naye akaitikia hivyo hivyo. Kwa Kiingereza nephew hawezi kuitwa uncle na mjomba wake. Ukikuta kwenye riwaya ya Kiswahili mzee anamwambia kijana "Njoo hapa mjomba", usikimbilie kudhani kuna kosa la uchapaji. Na mke wa mjomba ana jina lake, mkazamjomba, neno ambalo vijana wengi wa leo hawalijui na ningependa sana lirudi midomoni. Kiingereza kimempa "aunt" tu, pamoja na wengine wote.

*Baba mdogo na baba mkubwa.* Hapa ndipo tofauti na Kiingereza inapokuwa kubwa kuliko zote, kwa sababu neno linasema kwanza kwamba huyu ni baba, ndipo linasema ni yupi. Si jambo la Waafrika peke yao. Mmarekani Lewis Henry Morgan, aliyechunguza majina ya undugu ya mataifa mengi na kuchapisha matokeo mwaka 1871, alikuta Waseneca wa New York nao wakimwita ndugu wa baba "baba", na kaka wa mama wakimpa jina la pekee. Ni mpangilio uleule wa kwetu.

Matokeo yake ni makubwa. Watoto wa baba mdogo ni kaka na dada zako, wala hakuna anayeshangaa. Watoto wa mjomba na wa shangazi ndio mabinamu. Kiingereza kinawamwaga wote ndani ya "cousin".

Ukubwa na udogo hapa hupimwa kwa baba yako, haupimwi kwako. Baba mdogo anaweza kuwa umri wako au hata ukampita, na bado utamwamkia shikamoo. Hapo ndipo mfasiri anapopata kazi: Kiingereza hakisemi nani alizaliwa kwanza. Inabidi ukatafute. Kwa Richard na Edward wa Nne tunajua, Richard ndiye mdogo. Kwa mhusika wa riwaya huenda mwandishi hakuwahi kufikiri, na utalazimika kuamua mwenyewe, kisha ushike uamuzi huo mpaka ukurasa wa mwisho.

Jambo la mwisho hapa: mume wa mama mdogo naye ni baba mdogo. Kwa hiyo neno hili peke yake halithibitishi damu. Kwenye mazungumzo haina neno. Kwenye hati ina neno kubwa, tutalifikia.

*Ami.* Limetoka Kiarabu, ʿamm, ndugu wa kiume wa baba, na limeota mizizi Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu na kwa Waswahili wa Oman. Faida yake kwa mfasiri ni kwamba halidai umri. Hujui nani mkubwa? Ami anatosha. Upande wa mama, pwani ilichukua pia halati kwa dada wa mama, lakini mjomba na shangazi hawakung'olewa. Walikaa pamoja na wageni. Ndiyo maana Kiswahili cha pwani kinaweza kuwatenga wanne kwa majina manne yasiyochanganyika na baba wala mama: ami, mjomba, shangazi, halati. Ni kama Kilatini cha Pliny. Na wale wa bara wasemao kwamba ami ni neno geni kwao wajue wanalitumia kila siku: binamu ni bin na amm, mwana wa ami, hata kama leo tunawaita hivyo watoto wa mjomba na shangazi.

Kwenye maandishi ya Kiislamu sioni nafasi ya mjadala. Abu Talib, aliyemlea Mtume Muhammad baada ya babu yake Abdul Muttalib kufariki, alikuwa ndugu wa baba yake. Ni ami yake. Hamza vilevile. Makala yakisema "mjomba wake Abu Talib", ujue mwandishi ametafsiri kutoka Kiingereza bila kutazama nyuma. Historia ya Zanzibar inataka uangalifu huohuo: Hamad bin Thuwaini aliyekalia kiti mwaka 1893 alimrithi Ali bin Said, ndugu wa baba yake Thuwaini. Alimrithi ami yake. Ukiandika mjomba umempa Ali bin Said ukoo usio wake.

*Anko.* Halina makosa kwa kuwa limetoka Kiingereza. Ami nalo limetoka Kiarabu na hakuna anayelilalamikia. Tatizo ni mahali pa kulitumia. Mjini, anko ni rafiki wa baba, jirani, mteja, abiria anayeambiwa "anko sogea kidogo". Tanzania wengi wakisema anko wa damu humaanisha mjomba. Kenya mara nyingi hubeba pande zote mbili, kama Kiingereza chenyewe. Wenzetu wa Kongo hutumia tonton kwa namna hiyohiyo, wakilichukua kwenye Kifaransa. Ni neno zuri kwa mhusika wa riwaya anayeishi Kinondoni au Eastleigh. Lisiwe jina pekee ambalo mtoto anajua.

Ukiwa unatafsiri

Tuchukue tamthilia ya Hamlet ya Shakespeare, maana ndipo kosa linapoonekana wazi kuliko kwingine. Claudius ni ndugu wa marehemu mfalme, baba yake Hamlet, naye anamwoa mjane, Gertrude, mama yake Hamlet. Kiingereza kinasema "uncle". Mfasiri akiandika "mjomba amemwoa mama", kwa Kiswahili amesema kwamba Gertrude ameolewa na kaka yake wa damu. Hadithi imegeuka kuwa nyingine kabisa. Lazima awe ami au baba mdogo.

Lakini hata neno sahihi likiwekwa, halimalizi kazi. Mwanaanthropolojia Laura Bohannan alichapisha mwaka 1966 jinsi alivyowasimulia wazee wa Kitiv, Nigeria, kisa hicho. Wazee waliposikia kwamba mdogo wa marehemu amemwoa mjane, walifurahi: ndivyo inavyopasa. Wakauliza kama ndugu hao wawili walikuwa wa mama mmoja, swali ambalo Shakespeare halijibu. Msomaji wa Kiswahili kutoka jamii inayojua kurithi mjane anaweza kuona vivyo hivyo: baba mdogo kaoa mjane wa kaka yake, hasira ya kijana ni ya nini? Kwa hiyo mfasiri mwema ataweka "baba mdogo", kisha ahakikishe kwamba maneno ya Hamlet kuhusu dhambi ya ndoa hiyo hayapunguzwi hata chembe, ili msomaji aelewe kuwa kanisa la nchi ile liliihesabu kuwa haramu.

Unawezaje kujua uncle ni wa upande gani pale mwandishi asiposema? Tazama jina la ukoo kwanza. Kwa desturi ya Waingereza mke huchukua jina la mume na watoto hupata jina la baba, hivyo uncle mwenye jina la ukoo sawa na mtoto ni wa upande wa baba. Mwenye jina tofauti ama ni kaka wa mama, ama ni mume wa shangazi au wa dada wa mama. Kisha sikiliza mama anamwitaje: akisema "my brother", umepata mjomba wako, akisema "your father's brother", hakuna swali tena. Mali nayo hutoa siri, kwa kuwa katika hadithi nyingi za zamani za Kiingereza nyumba na cheo hupita kwa wanaume wa baba.

Mume wa shangazi ni mgumu. Kwa Kiingereza naye ni uncle. Kwetu familia hazifanani. Wapo wanaomwita mjomba kwa heshima, wapo wanaomwita baba, wapo wanaotaja jina tu. Kwenye tafsiri mimi huandika "mume wa shangazi" mara ya kwanza, kisha jina lake.

Na wapo uncle wasio ndugu kabisa. Uncle Sam, jina linalohusishwa na Samuel Wilson, mfanyabiashara wa nyama wa Troy, New York, wakati wa vita vya 1812, tayari ni Mjomba Sam kwa wasomaji wetu, libaki hivyo. Lakini kuna uncle mwingine wa Marekani anayehitaji tahadhari. Kusini mwa nchi hiyo, wakati wa utumwa na miongo mingi baadaye, Wazungu walimwita mzee Mweusi "uncle" ili wasilazimike kumwita Bwana. Lilionekana kama upendo, kumbe lilimnyima mtu heshima yake. Ndiyo sababu mchele wa Uncle Ben's ulitangaziwa jina jipya, Ben's Original, mwaka 2020. Ukikuta uncle wa namna hiyo usimgeuze "mjomba" wala "mzee", kwa sababu maneno yetu yote mawili yana heshima ambayo msemaji alikuwa anaikwepa. Acha jina lilivyo, ueleze kwa sentensi moja.

Ukiwa mbele ya hati

Hapa sina upole. Kwenye hati, uncle peke yake halitoshi, na Waingereza wenyewe wanajua. Sheria yao ya Ndoa ya mwaka 1949, ilipoorodhesha wanaume ambao mwanamke haruhusiwi kuolewa nao, haikutegemea neno uncle. Iliandika ndugu wa kiume wa baba, kisha ndugu wa kiume wa mama.

Kwa Waislamu wa mwambao wetu, ambao wengi hufuata madhehebu ya Shafi, tofauti hii inaamua mambo mazito. Ami ni asaba, yaani jamaa wa kiume wa upande wa baba: wakikosekana walio karibu zaidi, anarithi, na anaweza kuwa walii (msimamizi wa ndoa) wa bibi arusi. Mjomba yuko katika dhawil-arhami, jamaa wanaounganishwa nawe kupitia mwanamke. Hawi walii, na kwenye mirathi haingii pamoja na asaba. Tena ami anayehesabiwa ni yule aliyechangia na baba yako baba mmoja. Ndugu wa baba kwa upande wa mama pekee hayumo. Hebu fikiria wosia au barua ya familia iliyoandikwa kwa Kiingereza, "my uncle", ikafika mbele ya kadhi. Itabidi waitwe mashahidi kueleza jambo ambalo neno moja la Kiswahili lingelimaliza.

Ukijaza fomu ya Kiingereza, andika paternal uncle kwa ami na baba mdogo wa damu, maternal uncle kwa mjomba. Usiandike "father" kwa baba mdogo hata kama ndiye aliyekulea na kukusomesha. Najua inauma, lakini afisa atasoma baba mzazi, na fomu zile hupima damu. Mwaka 2008 Marekani ilisimamisha mpango mmoja wa kuunganisha familia za wakimbizi, baada ya vipimo vya vinasaba vilivyoanzia Nairobi kuonyesha kwamba undugu mwingi uliodaiwa haukuthibitika. Ulipofunguliwa tena mwaka 2012, kipimo kilikuwa sharti. Aliyelelewa na baba mdogo aeleze hivyo hivyo: ndugu wa baba, mlezi tangu mwaka fulani, pamoja na hati za ulezi kama zipo. Na kama baba mdogo huyo ni mume wa mama mdogo, aliandike hilo waziwazi.

Ukiwa unalea ughaibuni

Mtoto anayezaliwa Birmingham atasikia uncle shuleni kila siku. Usishindane na neno hilo, mpe yake nyumbani. Ushauri wangu ni kuunganisha cheo na jina: Baba mdogo Salim, Mjomba Juma, Ami Hassan. Anko muachie rafiki wa baba na jirani wa ghorofa ya pili. Mtoto akishazoea, ataanza kuuliza mwenyewe, "Kwa nini huyu ni baba na yule ni mjomba?" Hapo chukua karatasi, mchoree: huyu babu, hawa watoto wake, huyu mama yako, huyu kaka yake.

Yapo maandishi ambayo hayatoi dalili yoyote: uncle anapita ukurasa mmoja, hana jina la ukoo, mwandishi alishafariki. Hapo tu huandika mjomba bila kuwa na hakika, kwa kuwa ndiyo maana neno lilizaliwa nayo, kisha naangalia asiingie kwenye sentensi inayomfanya kaka wa mama kwa lazima. Mwandishi akiwa hai, nampelekea barua pepe yenye swali moja: ni ndugu wa nani?